Cheni, Matope na Kofia ya Pili

Masika yanapoanza kuilowesha milima ya Uluguru, wapo watu wanaofunga madirisha na wapo wanaofungua stoo na kutoa pikipiki nje. Sisi tumo katika kundi hili la pili. Juma hili tungependa kutafakari pamoja nanyi juu ya kitu ambacho wengi mtakiona kidogo mno kustahili ukurasa mzima, nacho ni cheni ya pikipiki: jinsi inavyofanya kazi, jinsi inavyolika, na yale inayowatendea watu pale inapokatika. Tutagusa pia mavazi ya mwendeshaji, kwa sababu kwa uzoefu wetu mambo haya mawili hayaachani.

Majirani wamekuwa wakituuliza kwa nini, baada ya saa nne za kuendesha, tunakaa saa nzima tumechuchumaa kando ya gurudumu la nyuma na mswaki mkononi. Mama mmoja wa mtaani kwetu alisema hajapata kuona wanaume wakiosha kitu kwa uangalifu namna ile, na kwamba laiti sufuria zake zingepata bahati hiyo. Tulicheka naye, kisha tukaendelea kuosha.

Sisi ni watu wachache wa Morogoro mjini, wenye kazi mbalimbali. Wamo walimu wawili, yumo muuguzi, yumo seremala, na yumo mzee wetu aliyestaafu kazi ya reli, ambaye kwa mambo ya chuma na mafuta hatumpingi ovyo. Kinachotuunganisha ni kupenda pikipiki za matope, yaani zile ndefu za miguu, zenye tairi za meno makubwa na shokapu laini, zilizoundwa kwenda mahali ambako greda halijawahi kufika. Nyingi katika hizo tulizo nazo ni za zamani. Miradi ya kilimo, ya afya na ya maji iliyopita katika mikoa yetu ilileta Honda XL125 pamoja na Yamaha za aina ya DT na AG. Miradi ilipokwisha, pikipiki ziliuzwa kwa mnada, nazo zikaangukia mikononi mwa watu kama sisi. Hiyo AG, kwa wasioifahamu, iliundwa kwa ajili ya wakulima, na cheni yake imefunikwa pande zote kwa kasha. Waliobuni kasha lile walijua vizuri udongo hufanya nini. Pikipiki za mchezo hazina kasha hilo, kwa kuwa wenye kupenda wepesi huhesabu kila gramu. Basi kazi ambayo kasha lingeifanya, inatulazimu kuifanya wenyewe kwa mswaki.

Safari yetu ya kawaida hufuata barabara ya Iringa hadi Mzumbe, kisha hukata kushoto pale Sangasanga na kuanza kupanda kuelekea Mgeta. Mji wetu uko takribani mita 500 kutoka usawa wa bahari. Ukifika Nyandira umekwisha kupita mita 1,500, na hewa imekuwa ya koti. Kule ndiko zinakotoka kabichi, karoti na njegere mnazoziona sokoni. Njia ni ya udongo mwekundu wenye kuteleza wakati wa mvua, na penye vijito huwa na mchanga mkali unaometameta kwa ulanga. Macho huupenda mchanga huo. Cheni haiupendi hata kidogo.

Na tuitazame basi cheni yenyewe. Ile tunayoitumia leo, yenye pini, bushi na rola, ni uvumbuzi ambao Hans Renold, Mswisi aliyeishi Manchester huko Uingereza, aliupatia hataza mwaka 1880. Tangu hapo chuma kimeboreshwa, lakini mpango wake umebaki uleule: ndani ya kila rola kuna bushi, na ndani ya kila bushi kuna pini inayozunguka kidogo kila kiungo kinapokunjwa kwenye sproketi. Namba iliyopigwa ubavuni si mapambo. Tarakimu ya kwanza ni umbali kutoka pini hadi pini, ukihesabiwa kwa sehemu za nane za inchi. Kwa hiyo cheni ya 428, ambayo ndiyo ya pikipiki nyingi ndogo, ina nusu inchi, yaani milimita 12.7, ile ya 520, ya pikipiki kubwa zaidi za matope, ina milimita 15.875. Tarakimu zinazofuata zinahusu upana wa ndani. Muuza vipuri akikuambia kwamba zote ni sawa, mshukuru na uende duka la pili.

Watu husema cheni imerefuka, kana kwamba chuma kimevutika kama mpira. Sivyo. Kinachotokea ni kwamba pini na bushi husagana, na kila kiungo huongeza uwazi mdogo usioonekana kwa jicho. Chukueni cheni ya 520 yenye viungo 110. Urefu wake ni karibu milimita 1,746. Kila kiungo kikilika kwa milimita 0.15, ambayo ni kama unene wa nywele mbili zilizolazwa pamoja, cheni nzima huongezeka zaidi ya milimita 16. Hiyo ni karibu asilimia moja, na ni dalili kwamba siku zake zinahesabika. Ubaya ni kwamba meno ya sproketi hayasogei ili kuifuata cheni iliyolika. Rola huanza kupanda juu ya jino badala ya kukaa bondeni, jino nalo huchongoka na kujikunja mfano wa pezi la papa. Sproketi ya mbele huumia kwanza: ikiwa na meno 15 na ya nyuma 45, kila jino la mbele hukutana na cheni mara tatu wakati la nyuma linakutana nayo mara moja. Ndiyo maana hatuafiki desturi ya kufunga cheni mpya juu ya sproketi kuukuu. Unaokoa fedha leo, na cheni mpya inajifunza ubaya wa ile ya zamani ndani ya majuma machache.

Hapa ndipo penye ugomvi mkubwa kuliko wote katika kundi letu, nao ni ugomvi wa mafuta. Wengi wa mafundi wa mitaani hupaka oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Ni ya bure, inapatikana, na inaifanya cheni ing'ae kwa siku moja. Mzee wetu wa reli aliitetea kwa miaka: alisema afadhali oili chafu kuliko ukavu, na katika hilo ana haki. Lakini oili iliyotoka kwenye injini imebeba masizi na vumbi la chuma, na ikikaa juu ya cheni hukusanya mchanga wa njiani. Chukua mafuta, changanya na mchanga, sugua kwenye chuma. Huo ni msasa wa maji, hauna jina jingine. Wale wanaopaka grisi nzito kwa nje wanafanya vivyo hivyo kwa gharama kubwa zaidi, kwa sababu grisi haiingii penye pini, inabaki ubavuni ikikaribisha vumbi.

Tulichokubaliana, ingawa mzee alikubali kwa kunung'unika, ni hiki. Kwanza, cheni isafishwe kwa mafuta ya taa na mswaki laini. Tusitumie petroli, hasa kwa cheni zenye pete za mpira, kwa maana pete hizo ndizo zinazoifungia ndani grisi ya kiwandani, na petroli huzikausha. Kisha ifutwe kwa kitambaa hadi ikauke. Baada ya hapo, oili safi ya giaboksi, ile nzito, idondoshwe kidogo kidogo kwenye upande wa ndani wa cheni ya chini huku gurudumu likizungushwa kwa mkono. Gurudumu likishika kasi barabarani, mzunguko huisukuma oili kutoka ndani kwenda nje, penye pini na rola. Ikae hata nusu saa, ikiwezekana usiku mzima, ndipo ziada ifutwe. Cheni iliyotoka safarini, ingali na joto, huyapokea mafuta vizuri zaidi, na hii ndiyo sababu hatuingii kula kabla ya kuimaliza.

Tunasema kwa mkono, wapendwa, na tunalirudia neno hilo. Tumeona vijana wakiwasha injini, wakiingiza gia, wakiinua pikipiki kwenye stendi na kushika kitambaa juu ya cheni inayokimbia, ili kazi iishe upesi. Kitambaa hukamatwa na sproketi, na kidole hukifuata. Wako watu wenye vidole pungufu katika mji huu kwa sababu ya dakika tatu walizotaka kuziokoa.

Juu ya kukaza cheni tutasema machache tu. Anayeanza hudhani cheni iliyokazwa sana ndiyo salama. Kinyume chake ndicho kweli kwa pikipiki za matope. Gurudumu la nyuma hupanda na kushuka pamoja na mkono unaolibeba, na kuna hatua moja ambapo ekseli, kitovu cha mkono huo na sproketi ya mbele vyote hulala katika mstari mmoja. Hapo ndipo umbali huwa mrefu kuliko wakati mwingine wowote. Cheni isiyo na ulegevu ikifika hapo, huivuta beringi ya giaboksi kama kamba ya ng'ombe. Kitabu cha pikipiki husema ulegevu uwe kiasi gani. Kwa nyingi za aina yetu ni kati ya milimita 35 na 50, na hupimwa mahali cheni inapokaza zaidi, kwa kuwa hailiki sawasawa pande zote.

Yote haya yangebaki kuwa maongezi ya wapenda pikipiki wenyewe kwa wenyewe, kama si yale tuliyokutana nayo katika masika ya mwaka mmoja, tukishuka kutoka Nyandira.

Kwenye mteremko mmoja wenye kona tulikuta bodaboda imelala kando ya njia, gunia la karoti limepasuka, na karoti zimetapakaa hadi kwenye mtaro. Dereva, kijana wa miaka ishirini na kidogo, alikuwa amekaa chini akimshika bega mama mmoja wa makamo, abiria wake. Mama alikuwa akitoka damu juu ya jicho, na mkono wake wa kulia umekaa vibaya pale kwenye kifundo. Muuguzi wetu alishuka kwanza. Sisi wengine tuliitazama pikipiki, na jibu lilikuwa wazi: cheni ilikuwa imetoka, ikajisokota kwenye sproketi ya mbele, na gurudumu la nyuma likafungika ghafla kama limepigiwa msumari. Katika mteremko, juu ya udongo wenye maji, hakuna ufundi wa dereva unaoweza kuokoa jambo kama hilo.

Tulipoichomoa cheni tukaona palipoanzia. Kiungo cha kufungia, ambacho mafundi hukiita loki, kina klipu ndogo ya chuma inayoizuia bamba lisitoke. Upande wa klipu uliofumba hutakiwa kuelekea kule cheni inakokwenda, ili ikigusa jiwe au tope isisukumwe ikafunguka. Katika cheni ile klipu haikuwepo kabisa. Mahali pake palikuwa na waya, ule wa kufungia nondo, umezungushwa mara mbili. Kijana alituambia kwa upole, "Wazee wangu, ilikuwa inalia tangu wiki mbili. Nikasema nimalize hesabu kwanza."

Kwa wasomaji walio mbali na maisha haya, hesabu ni fedha ambayo dereva wa bodaboda humkabidhi mwenye pikipiki kila siku, iwe amepata abiria au hakupata. Loki ya cheni ni moja ya vitu vya bei ya chini kabisa katika duka la vipuri. Lakini siku ambayo hesabu haijatimia, hata kitu cha bei ya chini kabisa hukaa upande wa pili wa mto. Mwenye pikipiki hununua oili ya injini kwa sababu injini ni mali yake. Cheni na tairi, katika mapatano mengi tunayoyafahamu, huachiwa dereva. Tunaona kwamba mapatano ya namna hiyo si ya haki, na tunalisema bila kuzunguka: anayepokea hesabu kila jioni hana budi kuilipia pia cheni iliyoizalisha hesabu hiyo.

Mama yule, wakati muuguzi wetu akimfunga mkono kwa ubao na khanga, alitutazama mmoja baada ya mwingine. Tulikuwa tumevaa kofia ngumu zenye kidevu kirefu, miwani ya matope, kinga za kifua na mabega, glavu, kinga za magoti, na buti za kufika chini ya goti zenye bamba mbele ya ugoko. Yeye alikuwa na kitenge, kitambaa cha kichwa na kandambili moja, ya pili ikiwa imebaki kwenye matope. Akauliza, bila hasira, "Wanangu, mmevaa hivi mnakwenda wapi?" Mmoja wetu akamjibu kwamba tunatoka matembezini. Akasema, "Ahaa. Kucheza."

Hakusema zaidi, na hatukuwa na la kuongeza. Gari la mboga lilimchukua kwenda hospitali mjini, dereva wa bodaboda akiwa nyuma pamoja na karoti zilizookotwa.

Wapo walioambiwa habari hii wakasema kwamba basi mavazi yetu ni fahari tu, tuyauze tuwape maskini. Tumelitafakari hilo kwa uzito wake, wala hatukubaliani nalo. Kuanguka katika mchezo wetu si bahati mbaya, ni sehemu ya mchezo. Anayeendesha katika matope ataanguka, na mara nyingi ataangukia mtulinga, kifundo cha mkono, goti au kifundo cha mguu. Buti ile nzito imekwisha kuokoa mguu wa seremala wetu uliobanwa chini ya pikipiki kwenye jiwe. Hatuoni sifa yoyote katika kuvunjika ili kufanana na asiye na kitu. Yule mama pia hakuwa akitudai tuvue. Alikuwa akishangaa kwamba njia ni moja, na waliojikinga ni wale wasiolazimika kupita.

Hata hivyo kuna mavazi na mavazi. Katika makundi ya wapenda pikipiki, nasi tumo, mtu huanza na jezi yenye rangi za timu ya mashindano, kisha glavu zinazofanana na jezi, kisha stika, na mwisho kabisa, fedha ikibaki, cheni na sproketi. Vinavyoonekana kwenye picha hununuliwa mapema. Kinachojificha nyuma ya mguu husubiri. Tukiulizwa na anayeanza, sisi hupanga hivi: kofia ngumu nzuri kwanza, breki na cheni pamoja nayo, halafu buti, halafu miwani na glavu, na yaliyobaki yaje yanapokuja. Mitumba ina msaada mkubwa kwa buti na kinga za magoti. Kwa kofia tunakataza mitumba kabisa. Ndani ya ganda la kofia kuna povu gumu ambalo kazi yake ni kupondeka mara moja tu, badala ya fuvu. Kofia iliyokwisha kupokea pigo huko ilikotoka hung'ara kama mpya kwa nje na ndani imekwisha kufa. Huwezi kujua kwa kuitazama.

Kwamba kofia inafaa si jambo la kubahatisha. Mapitio ya tafiti 61 yaliyochapishwa na mtandao wa Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa takribani asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa takribani asilimia 69. Bila shaka hesabu hiyo haimhusu aliyeitundika kwenye kiwiko au aliyeivaa bila kufunga kamba ya kidevu. Yule kijana wa Nyandira alikuwa nayo kichwani, imefungwa, na aliinuka bila mkwaruzo usoni. Ya abiria haikuwepo.

Mzee wetu wa reli ndiye aliyetukumbusha kwamba jambo hili si geni katika bara letu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani Randy Mamola, mshindanaji mashuhuri wa mbio za pikipiki, na Mwingereza Barry Coleman, aliyekuwa akiandika habari za mbio hizo, walisafiri hadi Somalia na kukuta vyombo vya huduma za afya vimekufa kwa sababu hapakuwa na aliyefundishwa kuvitunza. Kutokana na safari hiyo, wao pamoja na Andrea Coleman walianzisha shirika la Riders for Health, ambalo katika miaka ya 1990 lilifanya kazi na watumishi wa afya katika nchi kama Lesotho, Zimbabwe na Gambia. Walichofundisha hakikuwa kikubwa: kila asubuhi, kabla ya kuwasha, mtu atazame mafuta, vilainishi, marekebisho ya cheni na nyaya, nati na bolti, na mwisho breki. Muuguzi akifika kijijini na chanjo, nusu ya sifa ni ya oili iliyodondoshwa kwenye cheni jana yake. Makatekista wetu wanaozunguka vigango kwa pikipiki wanalijua hilo bila kufundishwa na mtu, kwani wamekwisha kusukuma vya kutosha.

Tangu masika yale tumekuwa tukikaa Jumamosi moja kila mwezi katika kijiwe cha bodaboda kilicho njiani kwetu, tukiwa na ndoo ya mafuta ya taa, miswaki, chupa ya oili ya giaboksi na kopo la loki za 428. Msidhani tulipokewa kwa nderemo. Vijana walitutania kwamba wazee wamekosa kazi. "Shikamoo, mzee! Cheni yako unaiosha kama mtoto mchanga," alisema mmoja, na wenzake wakapiga makofi. Tuliwaomba watuache tuioshe moja tu, nyingine ibaki ilivyo, kisha waizungushe kila moja kwa mkono na kusikiliza. Iliyooshwa ilizunguka kimya. Ile nyingine ilisaga kama mtu anayetafuna mchele wenye mawe. Hapo mzaha ulipungua kidogo, na yule aliyetutania akauliza kama loki ni za kuuza.

Baadhi walikuwa wamelitoa kasha la cheni kwa sababu lilikuwa likigonga. Tuliwashauri walirudishe, bolti zikazwe, kwani hilo ndilo kinga bora kuliko mafuta yote tuliyonayo. Wengine wamerudisha, wengine hawajarudisha.

Lililotushinda zaidi ni kofia ya abiria. Madereva wenyewe si wagumu. Abiria ndio wanaokataa. Akina mama husema inaharibu nywele zilizosukwa kwa fedha. Wengine husema haiwezekani kuvaa jasho la watu kumi kwa siku, nao wana haki. Tulijaribu kuwapa vijana vitambaa safi vya kuweka ndani, vikaisha kwa juma moja, vingine tukaviona vikifutia vioo vya pikipiki. Sasa tunawahimiza wanaosafiri kila siku wanunue ya kwao na kuibeba kama wanavyobeba mwavuli. Ni shauri gumu kwa mtu ambaye nauli yenyewe ameihesabu sarafu kwa sarafu, na hatujifanyi kwamba limefanikiwa.

Yule mama wa karoti tunamwona bado. Mkono wa kulia ulipona kwa nje, lakini haukunji vizuri. Jembe amewaachia wanawe, yeye huleta mboga na kuuza. Anayo kofia yake mwenyewe, ya kijani, ambayo huiweka juu ya magunia wakati wa biashara ili isikanyagwe. Kamba ya kidevu hawezi kuifunga kwa mkono ule. Kabla ya kuondoka humwinulia dereva kidevu, naye humfungia.

Jumamosi hii, mvua ikiruhusu, tutakuwa kijiweni tangu saa mbili asubuhi. Mwenye mswaki wa meno uliochakaa asiutupe, kwani unaingia vizuri katikati ya viungo kuliko ule mkubwa tunaouziwa madukani. Mzee wa reli ameahidi kuja na chupa yake ya oili chafu, na tumekubaliana kwamba ataruhusiwa kuipaka kwenye bawaba za geti. Tunawatakia juma jema.